Mfupa Hujiunga, Gegedu Hutunzwa

Mtu akivunjika mguu, kila anayekuja kumjulia hali huja na ushauri wake. Mmoja anamwambia anywe supu ya kongoro kila asubuhi. Mwingine anasema asage maganda ya mayai. Wa tatu anamjua mtu anayeuza vidonge vya bei kubwa. Na katika nyumba hiyohiyo bibi anayesumbuliwa na magoti anaambiwa anywe maji ya bamia ili ute urudi. Ushauri wote huo hutolewa kwa upendo, lakini unayaweka kwenye chungu kimoja mambo mawili yasiyofanana. Mfupa uliovunjika una uwezo mkubwa wa kujijenga upya. Gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa ndani ya maungio, lina uwezo mdogo mno.

Tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuongoza mfuko wako na sahani yako. Mfupa unahitaji malighafi za kutosha na homoni ambazo hazijavurugwa, na kazi iliyobaki utaifanya wenyewe. Gegedu linahitaji kulindwa kabla halijaisha, kwa sababu chakula cha kulirudisha hakijapatikana. Ukilishika hilo, utaokoa fedha nyingi na pengine utaokoa mguu.

Mfupa unavyojijenga

Mfupa una viungo viwili vikuu. Cha kwanza ni kolajeni, protini yenye nyuzi imara inayouwezesha mfupa kupinda kidogo bila kukatika. Cha pili ni madini ya kalsiamu na fosfati, yanayoupa ugumu. Ni kama nondo na zege katika nguzo: zege bila nondo hupasuka, na nondo bila zege hulegea. Asilimia 99 ya kalsiamu yote mwilini imo katika mifupa na meno, na ndiyo maana kila mtu huitaja kalsiamu. Nondo husahauliwa, na kusahauliwa huko kunawagharimu wagonjwa wengi.

Usiudhani mfupa wa mtu mzima umetulia. Ndani yake kuna seli zinazobomoa sehemu zilizochakaa na seli nyingine zinazojenga mpya mahali palepale. Kila mwaka takriban asilimia 10 ya mifupa yako hubadilishwa kwa njia hiyo. Ujenzi ukienda sambamba na ubomoaji, mfupa hubaki imara. Ubomoaji ukizidi, mfupa huwa mwepesi na wenye matundu, na siku moja huvunjika kwa kujikwaa tu.

Mfupa ukivunjika, kazi hiyo huongezwa kasi. Kwanza damu huvuja na kuganda kwenye ufa. Siku chache zinazofuata sehemu hiyo huvimba na kuuma, kwa kuwa seli za kinga zimekuja kuondoa mabaki. Katika wiki ya pili na ya tatu hutanda daraja laini lenye gegedu changa. Kati ya wiki ya 6 na ya 12 hivi, daraja hilo hubadilika polepole kuwa mfupa halisi. Baada ya hapo mwili huendelea kuuchonga mfupa huo kwa miezi, hata miaka, mpaka urudie umbo lake.

Muda hutegemea mfupa na umri. Mfupa wa karibu na kiganja huweza kushika kwa wiki 6. Muundi wa mtu mzima, ambao madereva na abiria wa bodaboda huuvunja sana, huchukua miezi 3 hadi 4 na wakati mwingine zaidi. Fupa la paja la mtoto mdogo hushika ndani ya wiki chache, lakini la mtu mzima huhitaji miezi.

Hapa pana funzo la kwanza. Wageni huleta mayai na maziwa wiki ya kwanza, wakati mgonjwa hana hata hamu ya kula. Kufika mwezi wa pili, mwili unapogeuza daraja laini kuwa mfupa, wageni wamekwisha na mgonjwa amerudia chai kavu na ugali kwa mchuzi mwepesi. Ikiwa unamuuguza mtu, panga bajeti ya miezi 3, hata kama kila siku utapata kidogo.

Homoni zinazotawala kazi hiyo

Kalsiamu haiendi mfupani kwa sababu tu umeila. Huenda kwa amri. Shingoni, nyuma ya tezi ya thairoidi, kuna tezi nne ndogo za parathairoidi. Kalsiamu ikipungua katika damu, tezi hizo hutoa homoni inayouamuru mfupa uachilie akiba yake, kwa sababu moyo na misuli haviwezi kufanya kazi bila kalsiamu. Mtu anayekula kalsiamu kidogo kwa miaka huishi kwa kuila mifupa yake mwenyewe, wala hahisi maumivu yoyote mpaka siku ya kuvunjika.

Vitamini D nayo, licha ya jina lake, hufanya kazi kama homoni. Ngozi huitengeneza ikipigwa na jua, ini huibadilisha kwa mara ya kwanza, na figo huimalizia. Ndipo huuamuru utumbo unyonye kalsiamu. Hivyo mtu mwenye ugonjwa wa figo wa muda mrefu huweza kuwa na mifupa dhaifu hata akila vizuri. Mtoto aliyekosa vitamini D hupata matege ya ugonjwa, na mtu mzima huumwa mifupa na kulegea misuli.

Estrojeni, homoni tunayoihusisha na wanawake, ndiyo breki kuu ya ubomoaji wa mfupa. Mwaka 1941 daktari Mmarekani Fuller Albright alionyesha uhusiano kati ya kukoma hedhi na mifupa kuwa myepesi. Baada ya hedhi kukoma, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya uzito wa mifupa yake ndani ya miaka 5 hadi 7. Wanaume pia wanaitegemea estrojeni, ambayo miili yao huitengeneza kutokana na testosteroni. Mwaka 1994 madaktari wa Marekani walieleza habari za kijana wa miaka 28 ambaye mwili wake haukuweza kuitikia estrojeni. Alikuwa na urefu wa sentimita 204, alikuwa bado anarefuka, na mifupa yake ilikuwa dhaifu kama ya mzee. Mabamba ya gegedu ambayo kwayo mtoto hurefuka yalikuwa hayajafunga, kwa sababu estrojeni ndiyo inayoyaamuru yafunge.

Kwa hiyo kijana anayechomwa sindano za testosteroni ili apate misuli haraka anajidhuru. Sehemu ya homoni hiyo hugeuka estrojeni, mabamba hufunga kabla ya wakati, na urefu aliokuwa bado hajaupata huishia hapo.

Homoni ya ukuaji huchochea gegedu la ukuaji na ujenzi wa mfupa. Insulini nayo husaidia ujenzi, na ndiyo sababu mgonjwa wa kisukari kisichodhibitiwa huchelewa kuunga mfupa na kufunga kidonda. Homoni za thairoidi zikizidi, mfupa huchakaa haraka. Na kortisoli, homoni ya dhiki, ikizidi kwa muda mrefu huzima seli za ujenzi. Hiyo ya mwisho inahitaji maelezo marefu zaidi, kwa sababu wengi wetu tunajiongezea wenyewe bila kujua.

Usijivuruge homoni kwa mikono yako

Dawa za jamii ya kortisoli, kama prednisoloni na deksamethasoni, zimeokoa maisha ya wagonjwa wengi wa pumu, mzio na magonjwa ya kinga. Hatari ipo katika kuzitumia kiholela. Kuna wanaokunywa deksamethasoni ili wanenepe, wakiinunua kama dawa ya kunenepesha bila kuambiwa kilichomo. Kuna dawa za maumivu ya viungo zinazouzwa kama za asili, ambazo wakaguzi wa dawa katika nchi mbalimbali wamezikuta zimechanganywa na steroidi. Ukipewa dawa ya mitishamba inayoondoa maumivu ya miaka mingi ndani ya siku mbili, huku uso wako ukianza kujaa na kuwa mviringo, nenda hospitali na uichukue dawa hiyo ukaionyeshe. Usiiache ghafla bila daktari, kwa kuwa mwili uliozoea steroidi huweza kuzidiwa vibaya zikikatwa mara moja.

Mkorogo nao umo katika kundi hili. Krimu nyingi za kujichubua zina steroidi kali kama klobetasoli. Zikipakwa mwili mzima kila siku kwa miaka, hupenya ngozi na kuingia katika damu, na mfupa huumia pamoja na ngozi.

Sindano ya uzazi wa mpango inayochomwa kila miezi 3 hupunguza kiasi cha madini ya mfupa wakati inatumika, na sehemu kubwa ya madini hayo hurudi baada ya kuiacha. Hilo halitoshi kumfanya mama aikimbie, kwa kuwa mimba isiyopangwa nayo ina hatari zake. Ila binti aliye chini ya miaka 18, au mwanamke anayekaribia kukoma hedhi, amuulize mhudumu kuhusu njia nyingine. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI zenye tenofovia nao wajue kwamba hupunguza madini ya mfupa kwa kiasi kidogo. Waendelee kuzimeza bila kukosa, na waongeze bidii katika chakula na mazoezi.

Kuhusu kurudishiwa estrojeni baada ya kukoma hedhi, utafiti mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba mchanganyiko wa homoni ulipunguza kuvunjika nyonga, lakini uliongeza saratani ya matiti na kiharusi. Ni uamuzi wa mwanamke na daktari wake, kwa kuangalia umri na historia ya familia. Zipo pia dawa zisizo homoni, kama alendroneti, ambazo daktari huwaandikia waliothibitika kuwa na mifupa dhaifu.

Chakula: anza na protini

Anayeunga mfupa anahitaji takriban gramu 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, na wazee wanashauriwa wakaribie kiasi hicho hata wakiwa wazima. Mtu wa kilo 60 anahitaji gramu 70 hivi. Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha maziwa kina gramu 8. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15. Gramu 30 za dagaa wakavu zina karibu gramu 18. Mayai mawili, vikombe viwili vya maziwa, kikombe cha maharage na dagaa hao hukufikisha gramu 60, na ugali wa siku humalizia zilizobaki. Huna haja ya nyama kila siku, wala poda ya makopo.

Kolajeni haishikani bila vitamini C. Ushahidi wa kutisha kuliko wote ulitoka baharini. Katika safari ya manowari za Uingereza chini ya George Anson, iliyoanza mwaka 1740, mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa vitamini C. Kumbukumbu za safari hiyo zinaeleza habari za baharia mmoja aliyejeruhiwa katika vita vya Boyne vya mwaka 1690. Majeraha yake yalifunguka tena baada ya miaka 50, na mfupa wake uliokuwa umeunga zamani ukaachana kana kwamba haujawahi kupona. Mwili wake ulikuwa ukilifanyia ukarabati kovu lile kwa nusu karne, na malighafi ilipokosekana, kazi ikaporomoka.

Kwetu hakuna sababu ya kuikosa. Pera moja hulipita chungwa kwa vitamini C, na ubuyu, embe na papai vinapatikana sokoni kwa msimu. Kula tunda bichi kila siku, kwani joto la kupikia huiharibu vitamini hii.

Kalsiamu bila vidonge

Mtu mzima anahitaji miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, mwanamke aliyepita miaka 50 anahitaji 1,200, na mtoto wa miaka 9 hadi 18 anahitaji 1,300. Tazama jinsi unavyoweza kuzifikia. Asubuhi, uji wa gramu 50 za unga wa ulezi una miligramu 170 hivi, maana ulezi hupita nafaka zetu nyingine zote kwa kalsiamu. Kikombe cha maziwa au mtindi kina 300. Mchana, dagaa walioliwa wazima pamoja na miba yao huleta mia kadhaa, kwa sababu kalsiamu imo mle mibani. Sukuma wiki iliyopikwa, kikombe kimoja, huongeza zaidi ya 100. Kijiko cha chakula cha ufuta usiokobolewa kina karibu 90. Kufika usiku umeikamilisha hesabu bila kununua kidonge hata kimoja.

Mboga hazilingani. Mchicha una kalsiamu nyingi, lakini una pia oksaleti zinazoishika kalsiamu hiyo isinyonywe. Ule kwa madini yake mengine na vitamini zake, ila kwa kalsiamu tegemea zaidi sukuma wiki na kabichi za majani. Maharage na nafaka zina faiteti, nazo huzuia madini. Dawa yake bibi zetu waliijua: loweka maharage usiku kucha na uyamwage maji hayo, chachua unga wa uji, tengeneza togwa. Majani ya kijani yana pia vitamini K inayosaidia protini za mfupa kushika kalsiamu. Anayetumia wafarini ya kuzuia damu kuganda asibadilishe ghafla kiasi cha mboga hizo bila kumwambia daktari.

Na supu ya mifupa? Ina ladha, ina protini kidogo, inampa nguvu mgonjwa asiye na hamu ya kula. Kalsiamu yake ni ndogo sana, kwa kuwa madini ya mfupa hayayeyuki kirahisi katika maji yanayochemka. Kolajeni ya kongoro nayo husagwa tumboni kuwa vipande vidogo vya protini, na mwili hauna njia ya kuvituma vyote gotini. Inywe kama chakula, lakini usiache maziwa na dagaa kwa kuitegemea.

Kwa wakazi wa mikoa ya Arusha na Kilimanjaro, na wa Bonde la Ufa nchini Kenya, kuna tahadhari ya ziada. Maji ya baadhi ya visima na mito huko yana floridi nyingi kuliko kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Floridi ikizidi huyafanya meno kuwa ya kahawia, na kwa miaka mingi hupindisha mifupa na kukakamaza viungo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimekuwa kikiondoa floridi majini kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Ukiweza kupata maji ya mvua au yaliyochujwa hivyo, mpe kwanza mtoto. Na punguza magadi katika maharage na makande, kwa sababu magadi huongeza floridi juu ya ile ya maji. Kuloweka kunatosha kulainisha.

Jua la saa ngapi?

Tumezoea kuwaanika watoto wachanga kwenye jua la mapambazuko. Jua hilo ni la kupendeza, lakini miale inayotengeneza vitamini D huwa michache mno jua likiwa chini. Tumia kipimo cha kivuli: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, ngozi inatengeneza vitamini D. Kwetu sisi tulio karibu na Ikweta hilo huanza mnamo saa nne asubuhi. Mtu mzima mwenye ngozi nyeusi akiweka mikono na miguu wazi kwa nusu saa hivi, mara kadhaa kwa wiki, anajitosheleza. Kwa kichanga dakika chache zinatosha, kichwa na uso vikiwa kivulini. Kukaa nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii.

Wanawake wanaovaa buibui, wazee wasiotoka ndani na wafanyakazi wa zamu za usiku wako katika hatari ya upungufu hata katika nchi zenye jua kali. Ua wa nyumba wenye faragha unatosha kupata nusu saa hiyo. Asiyeweza kabisa aulize hospitali kuhusu vidonge. Kiwango cha kawaida ni uniti 600 kwa siku, na 800 kwa aliyepita miaka 70. Watu wenye ualbino wasifuate ushauri huu wa jua hata kidogo. Wao wajikinge, na vitamini D waipate kwa samaki wenye mafuta, mayai na vidonge.

Mfupa hutii mzigo

Wanaanga wanaoelea bila kuhisi uzito hupoteza asilimia 1 hadi 1.5 ya madini ya mfupa wa nyonga kila mwezi, ingawa wanakula vizuri. Mfupa usiobeba mzigo huondolewa madini. Kwa hiyo mgonjwa aliyefungwa plasta ngumu asilale tu. Achezeshe vidole, akaze misuli iliyo ndani ya plasta, anyanyue mguu mzima, na aanze kukanyaga siku ile daktari anaporuhusu, bila kuwahi na bila kuchelewa kwa woga. Mzima naye atembee, apande ngazi, alime bustani, abebe vitu vya uzito wa wastani.

Acha sigara kabisa. Huchelewesha mfupa kuunga, na wakati mwingine huuzuia usiunge. Pombe nyingi nayo huzidhoofisha seli za ujenzi, na humwangusha mtu mara ya pili.

Usikubali mtu akuchue au akukande mahali palipovunjika. Kukanda huvunja lile daraja laini na kuhamisha vipande vya mfupa. Banzi lililobanwa mno huzuia damu, na wapo waliokatwa mguu kwa sababu ya banzi, ilhali mfupa wenyewe ungepona. Vidole vikifa ganzi, vikiwa vya baridi au vya rangi ya samawati, au maumivu yakiongezeka badala ya kupungua, rudi hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku.

Gegedu ni habari nyingine

Mwaka 1743 daktari William Hunter, Mskoti aliyefanya kazi London, aliandika kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Karibu karne tatu baadaye neno lake bado linasimama kwa sehemu kubwa, na sababu zinajulikana. Gegedu la maungio halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Seli zake ni chache na zimefungiwa mbalimbali. Hulishwa na ute wa kiungo tu, unaosukumwa kuingia na kutoka kila unapokunja na kunyoosha goti. Kwa kuwa halina mishipa ya fahamu, haliumi linapoanza kulika. Goti linapoanza kuuma, uharibifu mara nyingi umekwisha kwenda mbali.

Bamia ni mboga nzuri yenye nyuzinyuzi. Utelezi wake ni wanga, nao huishia tumboni, hauna njia ya kufika gotini. Vidonge vya glukosamini na kondroitini vilipimwa Marekani kwa wagonjwa 1,583 wenye maumivu ya magoti, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba kwa jumla havikuvizidi vidonge visivyo na dawa. Mwenye kipato kidogo asiuze kuku kwa ajili ya vidonge hivyo. Yale mayai yana faida zaidi.

Yapo mambo mawili yenye nguvu ya kweli. La kwanza ni uzito. Kila kilo moja anayopunguza mtu mnene hulipunguzia goti mzigo wa karibu kilo 4 katika kila hatua. Kilo 5 ni kilo 20 kila unapokanyaga, maelfu ya mara kwa siku. Punguza sukari ya chai, soda, maandazi na chipsi kabla hujafikiria dawa yoyote. La pili ni misuli ya paja. Keti kwenye kiti, nyoosha mguu mmoja mpaka uwe sawa, hesabu hadi tano, shusha polepole. Rudia mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Misuli hiyo ikiwa na nguvu hupokea sehemu ya mshtuko ambao ungeliangukia gegedu, na mwendo wenyewe hulilisha. Kutembea kwenye ardhi tambarare ni salama kwa wengi. Kuketi kutwa kwa kuogopa kusagika huliua gegedu kwa njaa.

Tiba inasonga. Mwaka 1994 madaktari wa Gothenburg, Uswidi, walitangaza matokeo ya kuotesha seli za gegedu za mgonjwa mwenyewe maabara na kumrudishia gotini. Njia hiyo huwafaa zaidi vijana wenye shimo dogo lililotokana na ajali. Haimfai mzee ambaye goti lote limelika. Huyo, akishindwa kutembea, hufikiriwa kuwekewa goti bandia. Kwa hiyo kijana aliyeumia goti uwanjani asilifunge kitambaa na kurudi kucheza. Achunguzwe mapema, angali na gegedu la kuokoa.

Kila umri na wajibu wake

Sehemu kubwa ya mifupa ya maisha yote hujengwa kabla ya miaka 20. Msichana hufikisha karibu asilimia 90 ya akiba yake mnamo miaka 18, na mvulana mnamo miaka 20. Kwa hiyo kikombe cha maziwa, dagaa na saa moja ya kukimbia vinavyomfikia mtoto leo ndivyo vitakavyomshikilia akiwa na miaka 70. Mama mjamzito na anayenyonyesha huchangia kalsiamu yake kwa mtoto, na mifupa yake hurudishiwa baada ya mtoto kuachishwa ziwa, ikiwa chakula kipo. Asiachiwe mabaki ya sufuria.

Mwanamke aliyekoma hedhi, na hasa aliyekoma kabla ya miaka 45, aliyewahi kuvunjika kwa kuanguka kidogo, anayepungua kimo au anayeanza kupinda mgongo, aombe kupimwa mifupa. Mzee yeyote apimwe macho, awekewe taa njiani kwenda msalani, na mikeka inayoteleza iondolewe. Nyonga nyingi za wazee huvunjikia ndani ya nyumba zao wenyewe.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujanunua kopo jingine, pitia mambo haya: protini kila mlo, tunda bichi kila siku, dagaa au maziwa, jua la saa nne, mwendo, na mwili usioguswa na steroidi za mitaani. Mwenye mfupa uliovunjika ayashike kwa miezi, na mfupa utaunga. Mwenye magoti yanayoanza kulia apunguze uzito na aimarishe paja kuanzia leo, kwa sababu gegedu alilonalo ndilo atakalozeeka nalo.